Jina la Mama Régine

Mchoraji wa maandishi ya maduka hapa Bunia hana mita. Hupima kwa kidole gumba, amefumba jicho moja, akirudi kinyumenyume mpaka katikati ya barabara huku wamotari juu ya pikipiki zao wakimtukana kwa Kiswahili na Kilingala. Wote huwajibu vilevile, kama kaka zake: "Polepole, yaya." Kucha zake zina rangi hata siku ya misa.

Juzi alimaliza kuandika jina kwenye duka jipya la samaki la Mama Régine, ambalo padri angelibariki kesho yake. Mama alipotoka kutazama alishika kichwa. Herufi moja ilikuwa nusu ukutani, nusu kwenye nguzo. Nyingine imelala juu ya ngazi, ndefu kama jongoo. "Weye! Jina yangu umeivunja-vunja!"

Mchoraji alimvusha barabara, akamsimamisha kando ya mtaro. "Sasa ikala chini, mama. Chini kabisa."

Mama akachuchumaa, akiguna. Ukuta, nguzo na ngazi vikashikana, na RÉGINE ikasimama nzima, kubwa, imenyooka. Ndipo akapatambua mahali: palepale alipouzia samaki wa Kasenyi kwenye beseni miaka tisa, akikitazama kiwanja kitupu ng'ambo ya barabara.