Tulidhani ni Panya

Jiko la gesi lilikuja na mwanangu kutoka Uarabuni, likapandishwa ngazi za nyumba yetu ya Mji wa Kale na wachukuzi waliokuwa wakilitukana njia nzima. Pale lilipokwaruza ukuta chokaa ilibanduka, na mpaka leo sijataka pazibwe. Lilikuwa jeupe, juu meko manne, chini oveni yenye mlango wa kioo, waona mkate ukiumuka kama watazama televisheni. Mtaa mzima ulikuja kuliona. Mimi nilivuta kiti nikakaa kando yake kama bibi harusi. Kwa nini nisijivune? Miaka yote nilioka mkate wa mayai kwa makaa, moto chini, moto juu ya kifuniko, jasho lanidondoka mpaka kwenye sufuria.

Dadangu mkubwa, aliyekuwa akikaa nami tangu afiwe na mumewe, hakulipenda.

"Moto usio na jivu ni moto gani huo?" aliniuliza. "Hata la kusugulia sufuria hulipati."

"Una wivu, dada."

"Mimi nilionee wivu bati?"

Huyu dadangu alikuwa mpakaji wa hina. Sisemi kwa kuwa ni wangu. Alichora kwa kijiti cha ufagio alichokichonga ncha mwenyewe, na maua yake yalitambaa kutoka ncha ya kidole mpaka kiwiko bila jani kugusana na jani. Mtaa wa Kibokoni wote, na wa Kuze wote, bibi harusi aliyepakwa na mtu mwengine alikuwa akificha mikono. Binti yangu, kitinda mimba, tangu mdogo alikuwa akimkumbusha:

"Mama mkubwa, harusi yangu wanipaka wewe."

"Nani mwengine? Nitakupaka mpaka mumeo asahau jina lake."

Kabla ya kurudi kazini, mwanangu alitufundisha kuliwasha lile jiko. Kiberiti kwanza, ndipo ufungue gesi. Usifungue gesi kisha ukaanza kutafuta kiberiti, makaa ndiyo yanayongoja, gesi haingoji. Na mlango wa oveni uwe wazi unapowasha. Haya tuliyashika kama sura za Kurani chuoni. Akasema pia, ukimaliza funga na kule kwenye mtungi. Hilo nalo tulilisikia, lakini tulipoona kitasa cha jiko kimefungwa na moto umezimika, tukasema basi. Bomba la maji ukishalifunga huku mwisho, nani ahangaike na kule litokako?

Wiki ambayo watu wa mume walituarifu kwamba watakuja Alhamisi kumposa binti yangu, nyumba ikaanza kunuka. Harufu ya kitu kilichooza, yaja yaenda, zaidi jikoni. Na mtu wa Mji wa Kale akisikia uozo ndani ya nyumba hana la kufikiri mara mbili: panya amekufa mahali. Tulihamisha kabati, tukainua mikeka, tukachungulia nyuma ya masanduku. Dadangu alipiga magoti sakafuni akinusa kama paka.

"Yuko hapa hapa," akasema. "Panya mzee huyu. Anuka kitunguu kibovu."

"Labda ndiye aliyekula pilau yako ya juzi."

"Basi amekufa kwa shibe."

Tukacheka mpaka tukashikana mabega. Na panya kweli alikuwapo, ila alikuwa hai, mnene, na alichokuwa akila ni mpira wa gesi, ule utokao mtungini kwenda kwenye jiko. Alikuwa ameutafuna upande wa ukutani. Ulikuwa mbele ya macho yetu, hatukuugeuza hata kidogo. Sisi twatafuta maiti.

Alhamisi nilikwenda sokoni Markiti kununua matunda ya wageni. Dadangu akabaki na ile harufu, nayo ilikuwa imezidi. Wageni wa posa utawakaribishaje katika mzoga? Akaamua kufukiza udi. Nasi hatufukizi madirisha yakiwa wazi, maana moshi utaingiaje kwenye mapazia na mito? Akafunga ya sebuleni, akafunga na ya jikoni. Makaa aliyakoleza chini uani, akayatia kwenye chetezo, akapanda nacho mpaka jikoni, akainama akiweke sakafuni, pale pale alipodhani panya yuko.

Nilikuwa nimeshaingia kichochoro chetu niliposikia mlio. Haukuwa mkubwa. Kama mtu amebamiza mlango mzito. Kisha dirisha la jikoni likafunguka lenyewe, pazia likatoka nje lawaka.

Sijui matunda niliyatupa wapi. Nilimkuta dadangu amekaa ngazini, nyusi hana, pindo la leso limeungua, mikono ameinyoosha mbele yake kama angojaye kupakwa hina.

"Panya wako huyo kalipuka," akaniambia.

Nilitaka kucheka, nikaona ngozi ya vidole vyake. Jirani alikuja mbio na dawa ya meno ampake, nikampiga kikumbo. Nilimmwagia maji ya pipa, kata baada ya kata, mpaka ikapatikana gari ya kumpeleka hospitali. Njiani hakulia. Alikuwa akiigeuza ile mikono, aitazama mbele na nyuma.

Mwanangu alipopata habari kwa simu aliuliza kwanza hali ya mama yake mkubwa. Kisha akasema, "Mama, gesi yenyewe haina harufu. Hiyo hutiwa kusudi, mtu aisikie afungue madirisha, afunge mtungi, akimbie."

Yaani siku zote zile tulikuwa tukiambiwa. Twaambiwa, nasi tumepiga magoti twatafuta mkia. Shule mimi niliionja tu, chuo cha Kurani ndiko nilikohitimu, lakini sijifichi nyuma ya hilo. Waliosoma walikuja kutupa pole, na kila mmoja alikiri kwamba naye angesema panya.

Leo mtungi wangu uko nje kwenye roshani, wapigwa na upepo. Mpira naupaka maji ya sabuni nikaangalia kama yatoa mapovu, na ukichakaa nabadilisha. Wajukuu wangu, ambao waoka keki za kuuzwa mpaka Nyali, hawalali mpaka wamefunga kule mtungini. Akisikia harufu hata yule mdogo hagusi swichi ya taa, akimbilia dirisha. Najivuna nao. Lakini ningempa nani maarifa haya yote yarudi nyuma, yamfikie mtu mmoja Alhamisi moja, kabla hajafunga dirisha?

Ngozi ya dadangu ilirudi. Vidole vya mkono wa kulia vilirudi vimepinda, havikunjuki.

Posa ilikuja baadaye, ikakubaliwa, na siku ya hina tukaita mpakaji mwengine. Dadangu alikaa begani mwake kama askari. "Jani hilo limenona mno. Lipunguze. Wewe wachora maua au mabamia?" Wanawake wakacheka, na mimi nikadhani limepita. Ndipo binti yangu akautoa mkono wa kulia, mtupu, akamwelekezea.

"Huu ni wako, mama mkubwa."

"Usinifanye kichekesho mbele ya watu."

"Uliniahidi."

Dadangu alikifungua kijiti chake kutoka pindo la leso, akakishika kwa ngumi, kama mtoto ashikavyo kijiko, akachora ua moja katikati ya kiganja. Lilimchukua muda, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Majani yaligusana yote. Yule mpakaji, kwa wema wake, akaleta kitambaa arekebishe, na binti yangu kwa kumzuia akafumba kiganja. Hina ilikuwa mbichi. Alipokifumbua hakukuwa na ua wala jani, ni doa tu.

"Mama mkubwa, nisamehe."

"Hebu wacha kulia, utaharibu na huo wa pili," dadangu alimwambia, akainuka.

Nilimfuata mpaka uani. Alikiosha kile kijiti chake, akakipangusa kwa leso, akakitia kwenye jiko la makaa lililokuwa likipikiwa pilau. Kilifuka moshi kwanza kabla ya kushika, kwa kuwa kilikuwa bado kimelowa.