Winchi Iliyobishiwa Hodi

Fundi umeme alibonyeza kitufe, na mtita wa nondo uliokuwa ukining'inia kwenye winchi ukapanda taratibu. Akampa rimoti mwendeshaji winchi, mume wa dada yake. Shemeji akabonyeza, na mzigo ukashuka kiganja kizima kabla ya kupanda.

"Umeona?" shemeji akasema. "Kwako mwana, kwangu mtoto wa kambo."

Asubuhi yote ilikuwa hivyo. Fundi ndiye aliyewashawishi wakubwa waing'oe paneli ya zamani na kufunga draivu, kisanduku kinachoamrisha mota na breki. Kanuni aliyoiandika humo ilikuwa nyepesi: mota ishike mzigo kwanza, ndipo breki iachie. Sasa msimamizi alikuwa amesema mzigo ukiendelea kushuka hadi jioni, paneli ya zamani inarudi, na yeye atafute pa kwenda. Alikuwa ameongeza nguvu ya mota, amechelewesha breki, na yote yakawa kutwanga maji kwenye kinu. Vumbi la chuma lilikuwa limejaa kwenye laptopu yake, na shingo ilimuuma.

"Bonyeza tena," akasema. Safari hii hakutazama mzigo, alitazama kidole gumba cha shemeji.

Kidole kiligusa kitufe, kikaachia, ndipo kikakandamiza.

"Mbona mara mbili?"

"Nabisha hodi. Winchi hii bila hodi haiamki."

"Isiyoamka ni ile paneli ya zamani, swichi zake zilikuwa zinanata. Hii ukiigusa, breki inafunguka. Ukiachia, mota inalegea, na kabla breki haijafunga unaiamuru tena. Hapo katikati mzigo hauna wa kuushika."

"Basi, sibishi tena."

Alibisha. Akajaribu upya, akabisha. Kidole kilishazoea miaka na miaka, na wenzake wote wa zamu walikuwa na kidole hichohicho.

Fundi akavuta kiti huku akisonya. Yeye alisomea mota, hakusomea vidole vya watu. Akaandika upya: amri ya pili isisikilizwe mpaka breki iwe imefunga, ndipo mota ishike upya.

Jioni, mbele ya msimamizi, shemeji akabisha hodi. Winchi ikatulia kidogo, kisha mzigo ukapanda bila kushuka hata upana wa unywele.

"Haya, draivu ibaki," msimamizi akasema. "Lakini imekuwa nzito kuitika. Kesho uiharakishe."

"Imekuwa kiziwi kabisa," shemeji akadakia.

Fundi alikuwa akikunja waya wa laptopu. "Inakusubiri umalize hodi zako, shemeji," akasema, wala hakucheka.