Ramani ya Ukurasa wa Kushoto

Penseli iliyochongwa kwa wembe ina harufu yake. Si ile ya kichongeo cha dukani, ambayo huishia puani tu. Hii ina ukali wa mti mbichi na kutu kidogo. Wiki iliyopita binti yangu alikosa kichongeo, akachukua wembe wa baba yake, akachonga penseli palepale kwenye meza ya chakula, na mimi niliyekuwa nachambua maharage pembeni nikajikuta nimesimamisha mikono.

Alikuwa anapanga bustani ya mbele ya nyumba. Siku hizi jambo hilo ni jepesi. Unafungua simu, unaandika unachotaka, na picha zinamiminika: njia za kokoto, vitalu vya mviringo, maua ya kila rangi na nyumba ambazo hazijawahi kuona tope. Akanisogezea simu. Akauliza ile mimea mirefu yenye majani kama mapanga inaitwaje, maana alitaka tuipande pande zote mbili za njia mpaka mlangoni. Nikatazama. Yalikuwa masale. Nikamwambia maharage yanataka maji, nikatoka nje.

Acheni niwaambie ninyi, kwa sababu yeye sijamwambia.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la tano, katika kijiji cha milimani, juu ya mji mdogo wa Soni, ambako ukungu uliingia ndani ya nyumba bila hodi. Nilikuwa mtoto wa nne wa mama yangu na wa pekee aliyekuwa hai. Watatu walionitangulia walizikwa kabla hawajaota meno. Baba alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma, akatuachia nyumba ya udongo, mti mmoja wa mpeasi nje kwenye kona ya jiko, na shamba lililoteremka hadi bondeni. Pembeni mwa shamba hilo ulipita mtaro wa maji. Mtaro huo ndio uliotulisha. Kiangazi, wenzetu wakihesabu mawingu, mama alikuwa na kabichi na karoti za kupeleka gulio la Soni.

Hatua chache kupita mtaro yalisimama masale saba, yamepangana kuteremka mlima, na ng'ambo yake lilianza shamba la baba mdogo, ndugu yake baba wa tumbo moja. Masale ndiyo mpaka wetu sisi watu wa milimani. Mtu mzima yeyote anajua. Mimi nilichojua ni kwamba siku moja nilichuma jani nikitaka kutengeneza filimbi, baba akanipiga kikofi cha mkono na kusema, "Hayo si ya kuchezea. Yanalinda." Nikadhani yanalinda dhidi ya mbuzi. Na kwa kuwa nilishawaona mbuzi wa baba mdogo wakipita katikati yake kama wamealikwa, nilihitimisha kwamba hayafanyi kazi yake vizuri.

Mwaka huo mwalimu wetu wa Stadi za Kazi, mwenyeji wa Bungu, mtu mrefu aliyeinama kila mlango hata usiomhitaji ainame, alitupa kazi ya kupanga bustani ya nyumbani. Kila mmoja achore ramani, kisha aitengeneze kweli. Atakayeshinda angepewa keni ya kumwagilia. Alitaka kurasa mbili zinazotazamana. Wa kushoto, nyumbani palivyo sasa. Wa kulia, patakavyokuwa. "Ramani isiyo na vipimo ni picha ya ukutani," alisema, na akatuonya kwamba vipimo vyote vianzie kwenye kitu kisichohama.

Sijapata tena kufanya kazi ya shule kwa moyo ule. Keni niliitaka, sikatai. Lakini zaidi nilimtaka mama. Tangu msiba alikuwa akitoka na kurudi akitazama miguu yake tu, na katika kichwa changu cha miaka kumi na mmoja nilishakata shauri kwamba mtu anayetazama chini anahitaji kuwekewa kitu kizuri chini.

Nikatafuta mawazo kila nilipokwenda. Zahanati walikuwa na mawe yaliyopakwa chokaa, nikayaiba mawazo, mawe nikayaacha. Kwenye pakiti za mbegu nilijifunza kwamba karoti zinaweza kukaa pamoja na vitunguu bila kugombana. Mtaroni kulijiotea maua meupe yenye umbo la faneli, nayo nikayapangia kazi. Lakini ukuu wote ulikuwa kwenye kalenda ya duka la mbegu iliyoning'inia juu ya kitanda chetu. Mwaka wake ulishapita, hatukuitoa kwa ajili ya picha. Ilikuwa nyumba nyeupe, na njia iliyonyooka hadi mlangoni, na pande zote mbili za njia mimea mirefu yenye majani kama mapanga.

Nikapima. Kutoka kwenye mpeasi hadi mtaroni, hatua ishirini na mbili. Kutoka mtaroni hadi kwenye sale la kwanza, sita. Kutoka la kwanza hadi la pili, tisa. Nikateremka hivyo hadi la saba, na kila moja nikalichorea alama ukurasa wa kushoto, na hatua zake ubavuni. Ukurasa wa kulia nikayachora yote saba mbele ya nyumba.

Siku ya gulio mama aliondoka alfajiri na tenga la kabichi. Mimi nikachukua jembe. Mnaweza kuniuliza kama sikukumbuka kikofi cha baba. Nilikikumbuka. Ila nilidhani kung'oa na kuhamisha ni mambo mawili tofauti, na baba alikataza kuharibu, hakukataza kupendezesha. Nilifanya kazi hadi mchana. Matatu nikayapanda upande mmoja wa njia na manne upande wa pili, na ile tofauti ya moja ikanikera. Kisha, kwa kuwa mwalimu alisisitiza tusiache mashimo, nikayafukia, nikalima juu yake pakafanana na pengine pote, nikapanda spinachi. Alasiri ikanyesha mvua kubwa. Nilifurahi sana kwa ajili ya spinachi.

Mama alirudi na tenga tupu kichwani. Akasimama penye njia. Akatua tenga. Nilisubiri acheke. Akaangalia masale upande huu, akaangalia upande ule, akapita kati yake akakimbia, mama yangu ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, hadi mtaroni. Nilimkuta amepiga magoti kwenye udongo mlaini, anapapasa kama mtu aliyedondosha sindano. Sikupigwa. Hilo ndilo lililonitisha.

Alikusudia ayarudishe kesho yake. Lakini baba mdogo alipita asubuhi mapema kuliko sisi. Alisimama pale palipokuwa na mpaka, akatujulia hali, akanijibu shikamoo yangu kwa upole kabisa, akaenda zake. Akarudi na vibarua wawili. Kufikia adhuhuri walishapandisha matuta ya viazi kuvuka masale yalipokuwa, kuvuka mtaro, hatua kumi ndani ya shamba letu. Mwenye nguvu mpishe, walisema jirani, nao wakapisha.

Mama akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Baada ya siku tatu mwenyekiti akaja na wazee wawili, wakasimama shambani kwenye manyunyu, na kanzu zao zimelowa pindoni. Jirani zetu walioitwa kama mashahidi walikumbuka ghafla kwamba wana ng'ombe wa kukamua. Mimi nilisimama nyuma ya mama. Nilikuwa nimetoka shule, na daftari lilikuwa kwapani ndani ya sweta lisilowe.

Hapa kuna jambo ambalo lazima mlijue. Kwetu, anayeng'oa sale la mpaka kwa mkono wake hasikilizwi tena juu ya mpaka ule. Hilo ni la wazee na mabaraza. Kuna lingine ambalo halisemwi mbele za watu: kwamba masale humfuata yule anayetajwa mbele ya wazee kuwa ndiye aliyeyang'oa. Mtu mzima yatamtesa tu, maana ana mifupa iliyokomaa. Mtoto hamalizi kukua. Mimi hilo sikulijua siku ile. Mama alilijua tangu tumboni.

Mwenyekiti akauliza nani aliyeyang'oa.

Mama akasema, "Mimi."

"Kwa nini, Mama Mwanaidi?"

"Nilitaka kupamba mlango."

Mzee mmoja akatoa kicheko cha puani. Baba mdogo akainua mikono kidogo, kama mtu ambaye hana la kuongeza. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema, nasema hivyo hadi leo. Alikuwa anatafuta upenyo. Akauliza kama hakuna alama nyingine yoyote, au mtu yeyote anayejua masale yalikuwa hatua ngapi kutoka wapi. Mama akaonyesha kwa kidole. Baba mdogo akaonyesha kwingine. Mwenyekiti akauliza tena, "Hakuna mwingine?"

Ishirini na mbili, sita, tisa. Ramani nilikuwa nayo kwapani, imepata joto langu. Nilifahamu vizuri kabisa kwamba ninacho anachokiuliza. Lakini mama alishasema "mimi," na daftari lilikuwa na mwandiko wangu, na mimi niliogopa. Niliogopa fimbo, niliogopa kumwonyesha mama kuwa mwongo mbele ya wazee, niliogopa macho ya baba mdogo. Nikabana mkono zaidi. Wazee wakasema aliyeng'oa hana la kusema, mpaka uwe pale ulipo mwisho wa matuta. Wakaomba dua, wakaondoka. Mtaro ukawa wa baba mdogo.

Bustani yangu ilishinda. Mwalimu alikuja kuikagua, akasifu njia, akasifu masale, na shule nzima ikanipigia makofi nikipokea keni ya bati iliyopakwa rangi ya kijani. Ilikuwa keni nzuri, isipokuwa sasa maji ya kuijaza tuliyafuata mbali.

Jioni ile mama alikuwa jikoni anapika makande. Akaniambia nimwonyeshe hicho kilichoshinda. Mama hakusoma shule, ila hesabu alizijua kuliko mimi, maana zake hazikuhitaji kalamu. Alifungua daftari juu ya magoti. Ukurasa wa kulia aliupita. Kwenye wa kushoto kidole chake kikatua juu ya mpeasi, kikaenda mtaroni, kikafika kwenye sale la kwanza, kikateremka moja moja hadi la saba.

"Huu uliuchora lini?"

"Kabla sijayahamisha."

"Siku wazee walipokuja, ulikuwepo?"

"Nilikuwa nao kwapani."

Hakuniangalia. Alikaa hivyo hadi chungu kikafurika na maji yakachuruzika motoni. Halafu akaushika ukurasa wa kushoto, akauchana taratibu usiharibu wa pili, akaukunja mara mbili, akausukuma chini ya chungu. Ukashika moto upande mmoja, kisha wote.

"Kalete maji," akaniambia.

Nilikwenda nikilia njia nzima. Nilikuwa na hakika kwamba ameuchoma kwa hasira, kwamba amenichoma mimi. Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini yangu hayakungoja hata kuwa mtoto. Yalinikuta kisimani palepale. Na hatukulizungumza tena, si mwaka ule wala mwingine wowote.

Bila mtaro, mama akawa kibarua. Alilima mashamba ya watu, akabeba kabichi za watu hadi Soni, kiangazi na masika. Kifua kikaanza kumbana. Nilipokuwa kidato cha tatu nikaitwa nyumbani, na nilipofika walikuwa wameshachemsha maji ya kumwoshea. Wanawake walinong'ona jikoni, kwa sauti ya chini lakini si ya chini vya kutosha, kwamba masale yamemkamata, si alikiri mwenyewe. Hata siku ya mazishi alikuwa bado ndiye aliyeyang'oa. Nikasikia, nikanyamaza. Hiyo ilikuwa mara ya pili.

Miaka yote hii nimebeba daftari lile kwapani. Nimejiambia kwamba mama alikufa akinikasirikia, na kwamba haki ilikuwa yake. Wiki iliyopita, nimesimama nje na harufu ile ya penseli bado puani, nikimsikia mwanangu ndani akihesabu hatua sebuleni kwa sauti, ndipo nilipouona ukurasa ule kwa macho ya mama. Mwenyekiti alikuwa nyumba ya nne kutoka kwetu. Mama angeweza kumpelekea ukurasa jioni ileile. Hatua zote zilikuwepo, mpeasi ulikuwepo, na kwa mwandiko wa mtoto asiyejua kudanganya kwa namba. Angerudishiwa mtaro wake. Ila ili ukurasa ule useme masale yalikuwa wapi, ungelazimika pia kusema ni nani aliyeyapima, na nani aliyeyang'oa.

Kwa hiyo mama alijibu mara mbili. Mara ya kwanza alisema "mimi" mbele ya wazee, ghafla, bila kujua kama ipo njia nyingine. Mara ya pili njia nyingine ilikuwa mkononi mwake, na muda wa kufikiri alikuwa nao, tangu chungu kichemke hadi kifurike. Alikuwa ameshazika watatu.

Mimi sijui kama masale humfuata mtu. Najua tu kwamba yeye aliamini. Yeye ni marehemu, na mimi, mtoto wa nne, mwaka huu natimiza miaka thelathini na tisa.