Upande Mmoja wa Kichwa

Kra, kra, kra. Buti nyingi zikikanyaga kokoto kwa pamoja. Juzi watoto wa shule walikuwa wanafanya mazoezi ya gwaride uwanjani hapa Voi, nami nikasimama na sukuma wiki yangu mkononi kama mtu aliyeitwa jina. Viatu vyao vilikuwa vya kawaida tu, vingine vya mpira, lakini sauti ile, rafiki yangu, ilinirudisha hadi kambini, siku tuliyoenda kumwona dada.

Nilikuwa bado shule ya msingi. Dada yangu, ambaye tulilala kitanda kimoja kule Mghange, alikuwa ameandikwa jeshi na kupelekwa kambi moja huko pwani, karibu kabisa na bahari. Siku ya wageni ilipofika, mama aliponda kimanga, yale maharagwe yetu na muhogo, akakifunga vizuri kwa kitambaa. Mimi nilibeba kichwa changu. Sikuwa nimesukwa tangu dada aondoke. Jirani nilimkataa, shangazi nikamkataa. Mama alikuwa ameshasema, shule ikifunguliwa nikiwa na kichaka kile, ananinyoa. Sikuogopa. Dada angenisuka.

Tulipofika, upepo ulikuwa na chumvi hata mdomoni. Askari wanawake wakapita wakipiga hizo buti. Nyumbani ningeijua hatua ya dada hata akiwa bado anapanda kutoka mtoni. Pale sikuijua. Miguu yote ilikuwa mguu mmoja. Wivu wangu ulianzia hapo.

Wakatawanyika, dada akaja mbio akaninyanyua. Alinukia sabuni nisiyoijua. Nyuma yake alikuja mwenzake mmoja mrefu, anacheka hata kabla ya kusalimia.

"Ndiye huyu mdogo wako? Haki, hizi nywele si zinaweza kuficha simba wa Tsavo!"

Wote wakacheka, hata mama. Mimi nilikuwa naangalia kichwa chake. Alikuwa amesukwa mistari midogo, kila mmoja umepinda kidogo juu ya sikio kabla ya kwenda nyuma. Nilijua mtu mmoja tu anayepinda mstari hivyo.

"Nani amekusuka?"

"Si dada yako! Kila Jumapili. Huku sisi ni watu wa nyumba moja."

Watu wa nyumba moja! Nilihisi kama nimemeza uji wa moto. Na kabla haujashuka, dada akafungua kimanga chetu, na badala ya kula, akaita wenzake wote.

"Huku hatuli peke yetu, mama," alisema. Mama alifurahi kweli. Mimi nilitazama kikiisha, nikatamani kiwe kichungu.

Mwishowe dada akaniketisha kati ya magoti yake, chanuo mkononi. Vidole vyake vilikuwa vimekuwa vigumu, lakini alivyovuta ni vilevile. Nikafumba macho. Alikuwa amemaliza upande mmoja tu afande alipopita akisema wageni wajiandae. Yule mrefu akavuta kiti.

"Nipe huu upande mwingine, tumalize haraka."

"Usiniguse!"

"We!" mama akafoka. "Huyo ni mkubwa wako!"

"Mwache, mama, ni wivu," yule mrefu akasema, sasa hacheki. "Mdogo wangu kule Taveta angeniuma hata kwa meno."

Dada aliongeza tu kasi. Kipenga kikalia kabla hajamaliza. Akanifunga leso ya mama kichwani, akanifinya shavu, akakimbia kwa wenzake. Njia nzima mama alikuwa ananiambia, "Umejitakia. Kesho ni mkasi."

Siku hizi dada anahamishwa huku na kule, nywele amekata fupi kabisa. Watoto wake wanamwita yule mrefu shangazi, na nikisikia hivyo bado kuna kitu kinanichoma, nacheka peke yangu. Kitanda chetu kilishakuwa kuni. Zile Jumamosi zimeisha, za kukaa chini nikivutwa nywele hadi machozi, maharagwe yakitokota, dada akinipa habari za watu wote wa kijiji. Hapa Voi naona wasichana saluni, wamekaa kwa viti vya kuzunguka, kila mtu na simu yake. Nikipata saluni yangu, na naiota kila siku, sitaweka viti. Nitaweka mikeka.

Lakini ule mkasi haukunigusa. Kesho yake mama alipoenda shambani, nilitoa kioo chake, nikakiegemeza kwenye dirisha la jikoni, nikakaa chini. Nilipapasa mstari wa mwisho alioufunga dada, nikagawa nywele zilizobaki, nikaanza kusuka. Mstari wangu wa kwanza ulienda kombo. Nikaufumua, nikaanza tena.