Wiki Tuliyopima Mwanga wa Mwezi

Harufu ya gundi ya unga wa ngano hunirudisha moja kwa moja hadi darasa la saba, shuleni kwetu kilimani karibu na Nyamache, miaka ile ya sabini mwanzoni ambapo wazee walikuwa bado wanabishana kama kweli kuna binadamu aliyekanyaga mwezi. Mwalimu Nyakundi, aliyetufundisha sayansi, alitengeneza kifaa kutokana na boksi la viatu. Upande mmoja alipasua ufa mwembamba kama uzi, upande wa pili akaweka kioo cha pande tatu, na mwanga ulioingia kwenye ufa ulitokea umetawanyika kuwa rangi, kuanzia nyekundu hadi zambarau. Palikuwa na sindano ya kusogeza mpaka ifike kwenye rangi, na nje ukanda wa karatasi wenye mistari, uliobandikwa kwa gundi hiyo, wa kusomea sindano imefika wapi. Alisema tupime mwanga wa jua, kisha wa mwezi. Vipimo vikilingana, tutakuwa tumethibitisha kwa macho yetu kwamba mwezi hauna mwanga wake, huuazima kwa jua. Atakayeupima mwezi ndiye atakayekwenda kueleza mbele ya watu kwenye maonyesho ya shule mjini Kisii.

Nilijua ni mimi. Jumatano nilipima mwanga wa jua kutoka kwenye ukuta wa chokaa, Mwalimu akanisifu mbele ya darasa zima. Lakini mwezi mpevu uliangukia Ijumaa, Mwalimu akataka upimwe usiku huo huo kabla mwanga haujapungua, na sisi tulikuwa Wasabato. Jua likizama Ijumaa, jembe na kalamu vyote vililala. Nilimwomba baba, mzee wa kanisa, nikamweleza kwamba kutazama mwezi si kazi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kuutazama si kazi, Nyaboke," akasema. "Kuandika ulichokiona ndiyo kazi."

Mwalimu mwenyewe macho yake yalikuwa mabovu, hata kwa miwani hakuweza kuona rangi hafifu, na maonyesho yalikuwa wiki iliyofuata. Kazi akampa Kemunto.

Kemunto alikuwa rafiki yangu wa kuchota maji, Mkatoliki wa boma la jirani. Wivu ulinishika, sitaki kuuremba. Nilimwonea wivu kwa dini yake, kwa macho yake, hata kwa baba yake mlevi ambaye hakumuuliza anakwenda wapi jioni. Yeye, maskini, alikuja kwangu kuuliza sindano inasogezwaje, nami nikamfundisha vizuri sana huku roho ikiniuma. Kikulacho ki nguoni mwako. Ijumaa baada ya masomo nilitumwa mimi kukipeleka kile kifaa nyumbani kwa Mwalimu, ambako Kemunto angepimia usiku. Njiani, katikati ya mashamba ya chai, niliulowesha ukanda kwa mate, nikaubandua, nikaubandika tena umesogea mistari mitatu. Jioni ile tulipofungua Sabato, mwezi ulichomoza mkubwa nyuma ya migomba, nami niliimba kwa sauti kuliko wote.

Jumatatu Mwalimu aliandika vipimo vyote viwili ubaoni. Havikulingana. Rangi zote zilikuwa zimehama kwa kiasi kimoja, na mtu mtulivu angetambua kuwa kilichohama ni karatasi, si mwanga. Lakini Mwalimu alikuwa na hasira na siku zilikuwa zimebaki chache. Alimwambia Kemunto kwamba aliandika bila kutazama. Kemunto, ambaye sikuwahi kumsikia akimjibu mkubwa, alisimama.

"Mwalimu, hayo ndiyo niliyoyaona."

Akaambiwa akae. Kisii nilikwenda mimi, na vipimo vya jua peke yake, nikapigiwa makofi. Kemunto hakuinua mkono tena katika somo la sayansi, na kabla ya mwaka kwisha aliacha shule.

Mimi nikawa mwalimu wa sayansi. Miaka thelathini nilifundisha kwamba mwanga wa mwezi ni wa kuazima. Siku hizi watoto wanauona mwezi kwenye simu, kila shimo lake, na hakuna anayemwonea mwenzake wivu kwa hilo. Mwaka jana nilimtembelea Kemunto nikiwa nimeazimia kumwambia yote. Tulikuwa tunakunywa chai, mjukuu wake kando akifanya kazi ya shule, na mtoto akasoma kwa sauti alichoandika, kwamba mwezi hauna mwanga wake. Kemunto akaweka kikombe chini.

"Futa hiyo," akamwambia. "Mwezi una mwanga wake. Niliupima kwa macho yangu haya. Muulize mwalimu huyu, tulisoma darasa moja."

Hapakuwa na shaka lolote usoni mwake, na hata wakati ule, mzee mzima, nilimwonea wivu. Mtoto akanigeukia. Nikamwambia kwamba nyanya yake alipima sawasawa. Ilikuwa kweli tupu. Mtoto akachukua kifutio, akafuta jibu lililokuwa sahihi.