Betri Zilizoanikwa Juani

Nilimkuta anaanika betri za chuo juani, nikapandwa na hasira. Hata shikamoo sikumpa.

Ilikuwa miaka ya themanini, dizeli haipatikani, na chuo chetu cha ualimu karibu na Ushirombo kilikuwa kimeletewa paneli za umeme wa jua. Tulizifunga juu ya bati la maktaba, na katika chumba kidogo chini yake tukapanga betri nane za kuhifadhi umeme wa kusomea jioni. Mimi, mwalimu kijana wa fizikia, ndiye niliyekabidhiwa mitambo hiyo. Yeye, mama wa Kisukuma wa makamo, alikuwa mfagizi wa maktaba.

Kwa wiki mbili taa zilikuwa zikififia mapema, na mitihani imekaribia. Mkuu wa chuo alitaka kumjua mharibifu. Mfukoni nilikuwa na barua ya kumtaja mama huyo, kwa kuwa ndiye aliyefagia chumba cha betri, aachishwe kazi.

"Mama, unafanya nini?"

"Zimechoka, Mwalimu. Nyumbani za redio zikichoka tunazianika, redio inaimba tena siku mbili tatu."

Ni kweli, kila ua wa kwetu ulikuwa na betri za redio zilizoanikwa kama dagaa. Lakini hizi! Nikamweleza kwa dharau kwamba jua linafanya kazi kwenye paneli, si kwenye betri. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Sawa, Mwalimu. Ila hii ni nyepesi kuliko nyingine. Na ile pale."

Alikuwa amebeba ndoo za maji maisha yake yote. Mikono yake haikuhitaji mzani. Nikafungua vifuniko. Ndani kumekauka. Kuongeza maji ya betri ilikuwa kazi yangu, na tangu tuzifunge sikuwa nimegusa kifuniko hata kimoja. Nyaya alizozifungua yeye, kila moja alikuwa ameifunga kitambaa cha alama, asije akakosea kurudisha.

Nikaenda kwa mkuu wa chuo, nikaichana barua mbele yake, nikamwambia mharibifu ni mimi. Akaagiza maji ya betri Kahama, na taa zikadumu mpaka mitihani ikaisha.

Lakini siku ile ile, kabla ya kwenda kwa mkuu, nilimgeukia mama pale pale uani. Wanachuo walikuwa wamekusanyika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kamata huko, hii imeingia kivulini."

Nikakamata, tukaisogeza juani.