Kisima Kilichogeuka Bluu

Jua linachomoza upande wa Ziwa Jipe na Leticia Mrutu ameshaingia mtaroni. Anachimba. Leo ni msaragambo, kazi ya pamoja ambayo Mpare akiikwepa atasemwa hadi kwenye msiba wake. Mtaro huu wa bomba, katika kitongoji kimoja cha bondeni jirani na Kwakoa, unatoka kwenye kisima ambacho yeye mwenyewe anajua hakifai.

“Ningebaki nyumbani wangesema nimeona aibu,” anasema, akijifuta jasho kwa ncha ya khanga. “Sina aibu. Nina hasira.”

Anayo haki ya kuwa nayo.

Leticia, 31, mzaliwa wa Usangi, ni mchoraji wa ramani za maji katika mradi mmoja wenye ofisi Mwanga, kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Hupima maji, huingiza vipimo kwenye kompyuta, na programu hugeuza tarakimu kuwa rangi. Bluu ni maji salama. Nyekundu ni maji yenye floridi nyingi, madini yanayoyafanya meno ya watoto kuwa ya kahawia na, yakizidi, hupinda miguu yao.

Floridi haina ladha. Mfugaji anayeijua chumvi kwa ulimi wake hapo hana ujanja, na ng'ombe wake pia. Ndiyo maana ramani ikahitajika.

Ile aliyoichora ofisini iliweka pamoja chemchemi za milimani na visima vya bondeni. Chemchemi zilitoka bluu, kisima hiki kikatoka chekundu. Akaihifadhi kazi yake, akaomba ramani ichapishwe kwenye karatasi. Mratibu wake, Melkizedeki, akakataa kwa kuwa wageni wa mradi wanapenda kuona skrini. Akainakili kazi ile kwenye kompyuta yake, akaenda nayo kwenye mkutano wa kitongoji.

Kumbe programu ile haihifadhi picha. Huhifadhi maelekezo tu, na kila inapofunguliwa huyatafuta mafaili upya. Faili la chemchemi halikuwemo kwenye kompyuta ya Melkizedeki. Programu haikulalamika. Ililiruka, ikagawa rangi upya kwa visima vilivyobaki, na kisima hiki, chenye afadhali kati yao, kikapewa bluu.

“Ni kama darasa lililofeli lote,” anaeleza Leticia. “Wa kwanza atakuwepo tu, na atapigiwa makofi.”

Makofi yalipigwa kweli. Leticia, aliyekaa nyuma, alinyoosha mkono akaambiwa mambo ya kitaalamu yatazungumzwa ofisini. Wazee wa wafugaji wakang'oa nyasi, ambazo kwao ni ishara ya baraka, wakakibariki kisima. Na jambo lililokwisha kubarikiwa hapa halirudishwi mkutanoni kwa sababu binti mmoja wa ofisini ana wasiwasi.

Ofisini halikuzungumzwa hadi leo.

Programu ina kasoro, sawa, chombo ni chombo. Lakini Melkizedeki alipopigiwa simu na mwandishi wa makala haya, alijibu kwamba kompyuta haina upande na kwamba wananchi waliridhia wenyewe. Waliridhia nini? Mtu mzima ameambiwa ramani imegeuka, kisha anajificha nyuma ya makofi ya watu aliowaonyesha ramani hiyohiyo. Ni jambo la kuudhi. Pampu inafungwa kisimani wiki ijayo, na watoto watakaoyanywa maji hayo hawakuulizwa.

Wachimbaji wanapumzika. Leticia anamwamkia shikamoo Nailantei, bibi wa wajukuu watano aliyekuwa akichimba naye, anaketi kando yake na kufungua kompyuta ya kuazima. Safari hii amebeba mafaili yote. Anaifungua kazi ileile, kwanza bila chemchemi. Kisima kinatokea bluu, na watu wanakitambua. Kisha anaziongeza chemchemi.

Kisima kinakuwa chekundu, wote wakitazama.

“Hayo ndiyo maji ya wajukuu wangu?” anauliza Nailantei.

“Ndiyo, mama. Rangi ile ilikuwa ya uongo, nami niliiona nikanyamazishwa.”

Mzee Ndaskoi, aliyeongoza baraka, anakumbusha kwa sauti ya chini kwamba nyasi zilishashikwa. Hakuna anayependa kumjibu mzee. Nailantei ndiye anayejibu, bila kuinua sauti.

“Tulibariki maji, baba. Hatukubariki rangi.”

 Mzee anasema pampu isubiri, yeye mwenyewe atawaambia wenzake.

Tumaini la Leticia ni kwamba mtaro huu usifukiwe. Anataka ugeuzwe kichwa, ufuate chemchemi iliyo mlimani. Itakuwa misaragambo mingi, na mkataba wake unaisha mwezi huu. Hatarajii kuongezewa mwingine.

“Wakininyima mkataba,” anasema, “jembe hawawezi kuninyima.”

Nailantei ameshasimama. Anakipita kisima, anaelekea upande wa mlima, analipiga jembe ardhini mara moja na kugeuka kumtazama Leticia.

“Tuanzie hapa?”